Kaburi la Wakili wa Nyasi

Viti mia tatu vilifika Nyamigunga kabla ya maiti. Vililetwa na fuso asubuhi, vyeupe, vya plastiki, kila kimoja kimeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu: BENJAMINI UCHENJUAJI, RUNZEWE. Nyuma ya fuso ikaja pikapu na maturubai, jenereta, spika mbili zenye ukubwa wa kabati, na masufuria ya kupikia harusi mbili kwa mpigo. Watu wa Nyamigunga walitoka kuangalia. Wengi wao hawakuwa wametia mguu kutoa pole tangu msiba utangazwe. Walipoona masufuria wakakumbuka kwamba marehemu alikuwa mtu wao.

Ndani ya nyumba Martina alikuwa amekaa kwenye godoro, miguu ameinyoosha, khanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Katika ukoo wa Ngassa mjane hainuki godoroni mpaka mume azikwe, labda kwa haja zake tu. Analetewa uji, analetewa maji, analetewa na habari zikiwa zimeshaamuliwa na wanaume huko nje. Shangazi wa marehemu, bibi Limi, alikaa pembeni yake kumlinda, maana wajane wengine huwa wanajaribu kujidhuru. Martina hakuwa na wazo hilo. Alikuwa amechoka, na alitaka kujua ni nani aliyemruhusu Benjamini kuleta viti.

Mumewe, Wakili Wiliam Ngassa, alikuwa bado yuko mochwari mjini Shinyanga. Alianguka Jumanne kwenye benchi nje ya chumba cha kesi, jalada likiwa mapajani. Watu wawili waliokaa naye walidhani amesinzia. Kesi ilipoitwa hakuitika, na kwa mtu aliyemfahamu hiyo peke yake ilitosha kujua kwamba amekufa.

Huku kijijini walimwita Wakili wa Nyasi, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Miaka kumi na tisa ya maisha yake aliimalizia kwenye ngitili ya Nyamigunga, ekari mia mbili na kumi za malisho yanayofungwa. Mvua za kwanza zikianguka, ng'ombe wanatolewa humo, nyasi zinaachwa ziote na migunga inaachwa ichipue. Hata mbuzi haingii mpaka kiangazi kiwe kikali, wakati kwingine kote kumebaki vumbi na mawe. Hapo dagashida, baraza la kijiji chini ya wazee na sungusungu, linakaa na kutangaza siku ya kufungua. Wakili aliikuta ngitili hiyo imekatwakatwa, kila mwenye nguvu ameng'ata kipande chake. Akairudisha yote kwa kijiji, kwa kesi, kwa vikao, na kwa kugombana na kila mtu, wakiwamo ndugu zake. Aliuza kiwanja cha mkewe cha mjini kumlipa mpima ardhi. Alisahau ada ya binti yake muhula mzima. Mara mbili ngitili iliwaka moto, na mara zote mbili hakuna aliyejua ni nani amewasha, ingawa kila mtu alijua.

Shemeji yake, Abel, mdogo wa marehemu na mwenye boma hilo, aliingia akiwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alimweleza Martina kwamba kila kitu kimepangwa na asisumbuke. Benjamini amenunua jeneza la vioo. Benjamini amelipa ng'ombe wawili. Diwani atasoma wasifu. Martina aliuliza kwa nini Benjamini, mtu ambaye Wiliam alimshinda mahakamani mara mbili. Abel akasema msiba hauna adui.

"Na kuna jambo la kukutuliza moyo, shemeji," akasema. "Kaka tutamzika ndani ya ngitili. Pale juu, penye migunga mikubwa. Vijana wanachimba tangu alfajiri. Alale katika nyasi zake."

Binti wa marehemu, Ritha, aliyefika usiku kutoka Chato anakofundisha shule, alianza kulia kwa sauti. Alisema angalau mara moja baba yake amepewa anachostahili. Bibi Limi naye alitikisa kichwa kwa kuridhika. Martina alihisi kuna jambo haliko sawa, lakini hakujua ni lipi. Akasema asante.

*

Benjamini alikuja mwenyewe kabla ya saa sita. Alivua viatu mlangoni, akachuchumaa mbele ya godoro kama mtu mwenye adabu, mkufu wa dhahabu ukining'inia. Alikuwa na mwalo mkubwa kule Runzewe, yaani mahali pa kusagia mawe na kuosha dhahabu, na maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, kila upande mpaka karibu na Geita. Popote alipochimba paliachwa mashimo na madimbwi yenye rangi ya shaba ambayo hata mbwa hayanywi. Leseni ya kuchimba chini ya ngitili ya Nyamigunga alikuwa nayo mwaka wa nne sasa, imekunjwa ndani ya bahasha. Kilichomshinda ni ridhaa ya mwenye ardhi ya juu. Mwenye ardhi alikuwa kijiji kizima, na kila alipoitisha mkutano Wakili alifika na baiskeli yake akaueleza mkutano huo maji ya dimbwi la dhahabu yana nini ndani.

"Shikamoo, shemeji," akasema Benjamini, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba."

"Mume wako alikuwa mwanaume. Alinitia hasara kubwa, sitaficha. Lakini nilikuwa nikimwona nasema, huyu ni mtu. Mimi sina kinyongo na maiti."

Martina akasema wamepoa. Benjamini akaendelea kuongea juu ya heshima, namna atakavyolijengea kaburi kwa vigae, namna atakavyoweka uzio wa chuma kulizunguka na barabara ya kufikia hapo, ili wajukuu waje kuona. Aliitaja hiyo barabara mara tatu. Alipoinuka aliacha bahasha ya rambirambi kwenye godoro, karibu na goti la Martina, mahali ambapo kila mwanamke chumbani angeiona. Wanawake waliiona. Tangu hapo walianza kumletea Martina chai yenye maziwa.

*

Mwili ulifika saa saba. Aliyeuleta kutoka mjini ni karani wa marehemu, Zamoyoni, Mwislamu wa makamo aliyefanya kazi katika ofisi ile miaka kumi na minne, mingi kati ya hiyo akilipwa nusu mshahara. Jeneza lilikuwa la rangi ya maziwa, lenye vioo na vishikio vya dhahabu bandia. Wiliam alionekana ndani yake kama mtu aliyewekwa dirishani auzwe. Waliliweka sebuleni, juu ya meza mbili. Martina aliangalia mara moja tu kisha akageuza uso.

Bibi Limi alikuwa ametoka kitambo. Alikwenda kuangalia kaburi, maana yeye ndiye aliyemlea Wiliam na alitaka kujua mtoto wake analala wapi. Alirudi akihema, vumbi mpaka magotini, akakaa kwenye godoro. Halafu akamsogelea Martina sikioni.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "kwani siku hizi kaburi linapimwa kwa karai?"

Martina alimtaka aeleze. Bibi Limi akaeleza polepole, kwa Kisukuma na Kiswahili kilichochanganyika. Wachimbaji wa kaburi si vijana wa kijiji. Ni wanne, wa Benjamini, wenye sururu na moko, patasi za chuma za machimboni. Kaburi lenyewe limepita kimo cha mtu na bado wanashuka. Jiwe jeupe likitokea, mmoja analipondaponda kwenye kinu cha chuma, anaosha unga wake kwenye karai, anainamisha karai juani na kuangalia chini. Kisha wanatia udongo kwenye viroba, wanafunga, wanaandika namba. Alihesabu viroba kumi na sita kivulini. Alipowauliza udongo wa kaburi unakwenda wapi, mmoja alimjibu kwamba bibi, tunampunguzia marehemu uzito.

Walicheka, alisema bibi Limi. Walicheka wakiwa wamesimama ndani ya kaburi.

Ndipo Martina alipolijua jambo lenyewe, na alijiona mjinga kwa kuchelewa hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akichapa hukumu na kushona majalada kwa uzi pale ofisini ilipokosekana pesa ya mtu mwingine. Aliijua kesi ya Nyamigunga kuliko sala zake. Familia nane zilikuja kwenye baraza la ardhi kudai kwamba ngitili ni ya mababu zao. Kila mzee aliposimama, Wiliam alimwuliza swali moja tu: kaburi la nani wenu limo humo? Huku ukitaka kujua ardhi ni ya nani huulizi karatasi, unauliza nani amelala chini yake. Wazee walibabaika. Baraza likafunga safari kwenda kuangalia kwa macho, wajumbe wakatembea nusu siku kwenye miiba, na hawakuona kaburi hata moja. Watu wa zamani hawakuzika humo kwa sababu palikuwa pa wote. Kesi ikaisha hapo.

Sasa kaburi la kwanza lilikuwa linachimbwa, nalo ni la Ngassa. Kesho ngitili ingekuwa na mwenyewe. Mwenyewe huyo angekuwa Abel, mkubwa wa ukoo aliyebaki, na ridhaa ambayo Benjamini aliikosa kwa watu mia nane angeipata kwa sahihi ya mtu mmoja.

Alimwita Zamoyoni. Zamoyoni alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akasikiliza. Alisema wiki iliyopita, Wakili akiwa kesini, Abel alikuja ofisini kuomba nakala ya hukumu. Alisema anaitaka kwa kumbukumbu.

"Nikamtolea mwenyewe, Mama Ritha," akasema Zamoyoni. "Na chai nikamnunulia."

"Wiki iliyopita Wiliam alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima, ila sukari ilikuwa juu na kila mtu alijua."

Nje spika ziliwashwa, zikapiga kwaya kwa nguvu mpaka vikombe vikatetemeka.

*

Ritha hakutaka kuelewa. Alisema mama yake ameishi na kesi mpaka anaona kesi kila mahali. Baba amevaa suruali moja miaka sita kwa ajili ya hizo nyasi. Leo watu wanataka kumlaza humo, na mama anataka kukataa kwa sababu ya udongo kwenye viroba. Martina hakubishana naye. Alimwomba Zamoyoni karatasi, akamwambia nini cha kuandika, kisha akatuma aitwe Abel.

Karatasi ilikuwa na mistari minne. Ilisema ukoo wa Ngassa unakiri kwamba ngitili ya Nyamigunga ni mali ya kijiji, na kwamba kaburi la ndugu yao Wiliam ndani yake haliwapi haki ya kumiliki, kukodisha wala kuridhia uchimbaji. Abel aliisoma midomo ikicheza.

"Hii nini sasa?"

"Ni karatasi, shemeji. Kama ni heshima, weka sahihi. Mimi nitanyamaza, tumzike huko mnakotaka."

"Watu hawasainishani kwenye msiba."

"Kalamu hii hapa. Ni dakika moja."

Abel aliangalia kalamu. Halafu akaangalia dirishani, upande ambao Benjamini alikuwa amekaa na diwani chini ya turubai, na hapo hata Ritha alielewa. Aliweka mkono mdomoni.

Abel alipoona wote wameelewa, hasira ikampanda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema ukweli.

"Mwaka ule wa ukame ng'ombe wangu kumi na mmoja walikufa," akasema. "Kumi na mmoja, nyasi naziona kwa macho, zimenifika kiunoni. Nilimpigia magoti kaka. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufungua ngitili. Siku tisa! Akaniambia, wewe ni mdogo wangu, ukiingiza wewe leo kesho wataingiza wote. Niliwachuna ngozi peke yangu. Yeye akarudi mjini na baiskeli yake. Alipokuwa hai hakunisaidia. Sasa amekufa, anisaidie."

Martina aliukumbuka mwaka ule. Alimkumbuka Wiliam alivyorudi nyumbani, akakataa chakula, akakaa na viatu miguuni mpaka jioni. Hakumwambia Abel habari hiyo, kwa sababu haikurudisha ng'ombe hata mmoja.

"Alikukosea," akasema. "Lakini hutasaini?"

"Sisaini."

"Basi hazikwi humo."

Abel akacheka, akamwambia akae vizuri godoroni, mambo ya mazishi si yake. Akatoka na karatasi mkononi, akaikunja na kuitia mfukoni mwa lile shati jipya.

Martina akainuka. Bibi Limi alimshika khanga, akasema mayu, mayu, hujazika bado. Martina akaifungua mikono ile kidole kimoja kimoja, akatoka nje.

*

Diwani alikuwa ameshika kipaza sauti, anasoma wasifu. Ulikuwa umechapwa vizuri, na haukuchapwa na mtu aliyemfahamu Wiliam. Ulisema marehemu alipenda mazingira, alipenda watu, na katika siku zake za mwisho alikuwa mdau mkubwa wa maendeleo ya sekta ya madini. Watu wakapiga makofi. Waliopiga makofi ndio waliomwekea miiba njiani, waliosema anakula pesa za wazungu, waliomwimbia mwanawe wimbo wa kumzomea alipokuja likizo. Mmoja wao, ambaye sungusungu waliwahi kumtoza mbuzi kwa kukata migunga ya mkaa, alikuwa analia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mjane akitokea amesimama, watu hunyamaza. Walinyamaza. Diwani akashusha karatasi.

Martina alisema bila kipaza sauti kwamba mumewe hatazikwa ngitilini. Alieleza kwa nini, kwa maneno machache, akitaja swali la kaburi ambalo wengi wao waliulizwa mbele ya baraza. Wazee wawili wa zile familia nane waliinamisha vichwa. Wengine walitazamana. Nyuma kabisa mtu aliuliza kwa sauti ya chini kama chakula kitachelewa.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alisema kamati imeshaamua. Martina akamjibu kwamba kamati haikuolewa na Wiliam. Mwanamke mmoja, ambaye asubuhi alimletea chai ya maziwa, akasema wenzangu, huyu anataka kaburi la mjini apeleke maua kama kwenye sinema. Kicheko kikazunguka chini ya turubai. Mwanaume mwingine akasema hayo ndiyo matokeo ya kuoa mwanamke wa kuja, Msumbwa huyu, hana uchungu na ukoo. Hakuna aliyemkataza. Katekista Thobias, aliyekaa mbele na kitabu chake cha sala, alikitazama kitabu.

Abel alichukua kipaza sauti. Sauti yake ikatoka kwenye spika kubwa kuliko yeye.

"Kama si ngitili, basi na hapa kwangu hazikwi. Boma ni langu. Mjane ampeleke anakotaka."

"Kuna makaburi ya kijiji," akasema Martina.

Hapo hata waliokuwa wakicheka waliacha. Makaburi ya kijiji ni kipande cha mchanga nyuma ya josho la zamani. Wanazikwa humo wasio na kwao, wapita njia waliogongwa barabarani, na wachimbaji waliofukiwa na maduara ya watu kama Benjamini, ambao majina yao yalikuwa ya machimboni tu na hakuna aliyejua wametoka mkoa gani. Mtu mwenye ukoo hazikwi huko. Wakili ndiyo kabisa.

Benjamini aliinuka taratibu, akamsogelea, akaongea kwa upole, karibu kunong'ona.

"Shemeji, mimi sikatai uamuzi wako. Ila jeneza lile nililinunua kwa mazishi ya heshima. Siwezi kulipeleka kule. Watu watanielewaje?"

"Chukua jeneza lako."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa. Ingieni mlichukue, na bahasha yako iko godoroni."

Pengine Benjamini alidhani Martina ataogopa. Alimtazama kidogo, kisha akawaashiria vijana wawili kwa kidevu. Waliingia ndani. Kwa muda watu mia tatu walikaa kwenye viti vya Benjamini wakisikia jeneza linavyofunguliwa sebuleni, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Diwani alipekua simu yake.

Ndani, vijana hawakutaka kuugusa mwili. Walisimama na vishikio mikononi wakisubiri mtu mwingine afanye. Ritha alisukuma mmoja, akaingiza mikono chini ya mabega ya baba yake. Zamoyoni akashika miguu. Wiliam alikuwa mzito kuliko alivyoonekana akiwa hai. Walimlaza kwenye kitanda cha kamba ambacho bibi Limi alikiburuta kutoka chumbani kwake, akakitandika shuka nyeupe aliyokuwa ameitunza kwa kifo chake mwenyewe. Vijana wakatoka na jeneza tupu, wakalipakia kwenye pikapu, wakalifunika turubai lisipate vumbi.

"Kwetu shuka inatosha, Mama Ritha," akasema Zamoyoni, akimfunga marehemu miguu kwa kitambaa. "Sisi sanduku ni la kubebea tu."

Martina akasema basi leo na iwe kama kwenu.

*

Walikuwa watu kumi na mmoja. Martina, Ritha, bibi Limi, Zamoyoni, wanawake wawili kutoka mjini waliopanga nyumba moja na marehemu, mzee mmoja wa zile familia nane, na vijana wanne ambao ng'ombe wao walipona mwaka wa ukame kwa sababu siku ya kufungua nyasi zilikuwapo. Walibeba kitanda kwa zamu, wakipita nyuma ya mashamba ya dengu. Martina naye alibeba. Bibi Limi alisema sheria zote zimeshavunjika, hii moja itadhuru nini.

Shimo walilichimba wenyewe kwa machepe mawili na jembe, kwenye mchanga uliolegea. Katekista Thobias aliwakuta wamefika kiunoni. Alikuwa amekuja kwa miguu, anatokwa jasho, na alikwepa macho ya Martina. Alisema kamati imemwambia abaki turubaini kwa ajili ya sala ya chakula. Hakuna aliyemshukuru. Alifungua kitabu akaanza.

Upande wa pili wa mashamba spika zilikuwa bado zinaunguruma. Kamati iliona hasara kuahirisha, kwa kuwa wageni wamefika na ng'ombe wameshaiva, kwa hiyo diwani alirudia wasifu tangu mwanzo. Upepo ulileta maneno vipande vipande. Mtetezi wa wanyonge. Rafiki wa wote. Ardhi ilikuwa ndiyo maisha yake. Kila baada ya sentensi yalifuata makofi, na wale walio kaburini iliwabidi wamsubiri Thobias arudie mistari ambayo makofi yalikuwa yameifunika.

Wakamshusha. Ritha aliruka ndani kumweka kichwa vizuri, akatolewa kwa kuvutwa mikono, magoti yamejaa mchanga. Aliomba msamaha kwa mama yake pale pale, kwa neno moja. Martina akamfuta uso kwa pindo la khanga.

Ndipo kipaza sauti kikaomba wote wasimame, wamkumbuke Wakili kwa dakika moja ya kimya. Jenereta likabaki linanguruma peke yake. Katika dakika hiyo mchanga ulikuwa unaanguka juu ya shuka, chepe baada ya chepe, na haukuwa na haraka. Dakika ilipokwisha mshereheshaji alitangaza kwamba wanaume wapite kushoto na wanawake kulia, sahani ziko mezani. Kelele za viti zilisikika mpaka kule mchangani.

Walipomaliza kufukia waliweka jiwe moja kichwani na moja miguuni, kama makaburi mengine ya pale. Hakukuwa na msalaba bado. Mzee wa familia nane alivua kofia na kusimama kidogo mbali na wengine. Vijana walianza kukusanya machepe waondoke. Bibi Limi alimshika Martina mkono, akamwambia sasa ameshazika, anaweza kurudi nyumbani kunyolewa nywele na kupumzika.

Martina alichukua chepe moja kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu. Alilisafisha mchanga kwa kiganja, akaliweka begani juu ya khanga ya msiba.

"Lile shimo la ngitili liko wazi," akasema. "Kesho litakuwa duara. Twendeni tukalifukie wakati bado wanakula."